Feni ya Mama na Kengele Mbili

Jumatatu, 9 Machi

Wewe uliyeshika daftari hili, nakuomba lifunge. Ukishindwa kulifunga, basi soma ukiwa peke yako, mlango umerudishwa, na ukimaliza usimwambie mtu hata neno moja. Hasa usimwambie Mama. Hasa usimwambie Kola. Shangazi akikuuliza unasoma nini, mwambie ni mambo ya ofisi. Nina kazi moja tu duniani, nayo bado sijathibitishwa.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni karani katika ofisi ya maji, kitengo cha malalamiko. Mtu bomba lake likipasuka anakuja kwangu, anafoka, naandika. Kuandika naweza. Wengi huondoka wametulia, maana wakisomewa shida yao wanaona imeandikwa vizuri kuliko walivyoisema. Tatizo langu ni kengele.

Mkuu wetu ni mama mmoja mwembamba mwenye sauti nene. Ofisi nzima tunamwita Mama. Hamwiti mtu kwa jina. Ana kitufe mezani pake, na kengele imepigiliwa kwenye ukuta wa chumba chetu, juu ya kichwa changu. Ikilia mara moja, aende mhudumu. Mara mbili, niende mimi. Mara tatu, aende Kola. Huyu Kola ni karani mwenzangu. Tulianza siku moja, na sote tuko kwenye majaribio. Tunamwita hivyo kwa sababu kola ya shati lake husimama yenyewe asubuhi mpaka jioni, kama nayo imeajiriwa. Ijumaa hii Mama anaamua nani abaki. Inasemwa atabaki mmoja.

Leo imelia mara mbili. Nimeinuka pamoja na kiti, shati lilikuwa limenasa. Nimekivua mlangoni. Mama ameuliza malalamiko ya bomba la sokoni yamefikia wapi. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua mpaka unene wa bomba lenyewe. Nimejibu, "Asante, Mama." Akauliza tena. Nikashukuru tena. Akaniangalia kama mtu anavyoiangalia redio mbovu, akasema haya, nenda.

Nje Kola akaniuliza, "Vipi, msomi? Umemmaliza?" Mhudumu alicheka mpaka akaegemeza ufagio ukutani.

Jioni, katikati ya chakula, nimekumbuka somo la saikolojia chuoni. Kulikuwa na mtaalamu mmoja wa zamani, anapiga kengele kisha anampa mbwa nyama. Kengele, nyama. Kengele, nyama. Mwishowe akapiga kengele bila nyama, na mbwa akadondokwa na mate vilevile. Nimeacha kutafuna. Mbwa ni mimi. Ila yule mwenzangu aliletewa nyama, mimi naletewa Mama. Kumbe huu woga si tabia yangu. Nimefundishwa. Na aliyefundishwa anaweza kufundishwa upya.

Nashukuru kwa elimu. Namshukuru shangazi, ninayekaa kwake na aliyenisomesha. Amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mimi ni afisa. Anasema nikirudi Ijumaa bila kazi, yeye mtaa huu anahama.

Jumanne, 10 Machi

Mpango wa kwanza. Kengele ikilia mara mbili, nile tofi kabla ya kuinuka. Kengele, utamu. Baada ya muda ulimi utafurahi kabla akili haijapata nafasi ya kuogopa.

Nimenunua pakiti ya tofi za maziwa, zile ngumu zinazodumu. Kola ameiona. Mimi sijui kumnyima mtu anayeniangalia. Nikampa moja, akasema Mungu akuzidishie. Naandika kwa uchungu tu. Tofi imekwenda bure.

Asubuhi nimefanya mazoezi kwanza. Nimejificha nyuma ya kabati la mafaili, nasema "krii, krii" polepole, nakula. Tena. Tena. Karatasi za tofi nadondosha hapohapo. Nilipohisi niko tayari, kengele halisi ikalia mara mbili. Nikatia tofi mpya, nikaenda. Na kweli woga ulitulia. Ila meno sikuwa nimeyafikiria. Tofi imekamata juu na chini.

Mama akauliza bomba la sokoni. Nikasema, "Mmm." Akauliza kama mafundi wamekwenda. Nikasema, "Mm-mm." Mama akavua miwani. Uso wake ukawa wa huruma, jambo lililonitisha kuliko yote. Akasema pole sana mwanangu, kumbe ni jino, na mimi jana nakuona mzembe. Akaniamuru niende kwa daktari wa meno saa hiyohiyo, na nirudi na karatasi ya daktari.

Amesema karatasi. Basi imebidi niende kweli. Nimemweleza daktari kwamba siumwi popote, shida yangu ni karatasi tu. Akasema fungua mdomo. Akatazama. Akamwita mwenzake, naye akatazama. Wakatazamana.

Nimerudi nyumbani bila gego.

Daktari anasema lingenitoa machozi kabla ya mwisho wa mwezi. Namshukuru sana daktari. Namshukuru Mama aliyenituma. Tofi nimepigwa marufuku. Shangazi amenipikia supu, akaniuliza, "Baba, hiyo kazi yenu mnaifanya kwa mdomo?" Nikaomba supu nyingine.

Jumatano, 11 Machi

Leo kengele imelia nikiwa sina kinga yoyote. Miguu kwa mazoea imenipeleka nyuma ya kabati, ingawa sina cha kula. Nimejibana ukutani nivute pumzi. Mgongo ukagusa kitu. Tk.

Kutoka chumba cha Mama nikasikia sauti inasema, "Ahaa. Jamani, hewa."

Hapa lazima nieleze. Feni ya Mama haijazunguka tangu tuanze kazi. Dirisha lake linatazamana na ukuta wa jengo la jirani, na joto la mwezi huu unaweza kulikata kwa kisu. Fundi umeme alikuja, akapanda ngazi, akashuka, akasema injini imekufa, ataleta nyingine wiki ijayo. Hajaonekana. Kumbe injini haikufa. Aliyejenga jengo hili, kwa sababu anazozijua mwenyewe, aliiweka swichi ya chumba kile katika chumba hiki. Kisha wakaleta kabati. Kabati likaifunika swichi, na dunia ikaisahau.

Mtu wa kawaida angekimbia kumwambia Mama. Nami nilikuwa njiani. Lakini nilipoingia nimemkuta amefumba macho, uso ameuinua juu, nywele zinapepea. Akafungua macho, akaniona mimi. Akatabasamu. Mama, kwangu. Akasema, "Wewe ukiingia, na hewa inaingia." Nikasema asante, na kwa mara ya kwanza lilikuwa jibu sahihi.

Nikaelewa palepale. Kosa langu lilikuwa kujifundisha mimi mwenyewe. Mbwa si mimi. (Namwomba Mama radhi kwa maneno haya. Namheshimu mno.) Mpango wa pili basi: akiniita, nawasha kisha naingia. Nikitoka, nazima. Akiitwa Kola, sigusi kitu, aingie na joto lake. Kufikia Ijumaa, Mama akiniona atapoa mwili mzima, na akimwona Kola ataanza kutafuta leso.

Mchana kengele imelia mara tatu. Kola amekaa kwa Mama muda mrefu. Ametoka kola imelala upande mmoja. Sikucheka. Nimemwazima kitambaa changu.

Namshukuru yule mjenzi, popote alipo.

Alhamisi, 12 Machi

Sayansi inafanya kazi kupita kiasi.

Asubuhi: kengele mbili. Tk. Naingia. Mama anatabasamu, bomba la sokoni hata haliulizi. Natoka. Tk. Sijakaa, kengele mbili. Tk. Hana analotaka, ananiuliza nimeamkaje. Natoka. Kengele mbili. Ananiuliza jino linaendeleaje. Kila feni inapoanza makaratasi yake yanaruka, mimi naokota, yeye ananishukuru, mimi namshukuru, tunashukuriana mpaka tunachoka. Na watu wa mabomba wamepanga foleni mbele ya meza yangu tupu.

Kabla ya chakula cha mchana Mama ameamua nisitoke tena. Amesema nivute kiti, nikae kwenye kona ile. "Kaa tu hapo, mwanangu, na baraka zako." Nimekaa. Feni inazunguka. Nikajiona nimefika.

Ndipo akabonyeza mara tatu.

Kola akaingia. Mimi niko ndani. Swichi iko nje. Nimeitazama feni, nikaiomba kimoyomoyo isimame, haikunisikia. Kola amepepewa kama bwana harusi. Kola yake imesimama wima. Mama amemtabasamia. Tabasamu lile ni langu, nimelitengeneza mimi. Akamsifu kwa foleni ya leo. Maana Kola ndiye aliyeandika malalamiko ya watu wangu wote, hakuambiwa na mtu. Mwandiko wake ni mbaya lakini hakubakiza hata mmoja. Nimemshukuru kwa meno yaliyosalia.

Jambo jingine dogo, sijui hata kwa nini naliandika. Mama alikuwa na simu sikioni, ya mezani ikalia, akaniashiria nipokee. Ni bibi mmoja analia, bomba limepasuka, maji yameingia jikoni. Nikamwambia, bibi, toka nje, pale kwenye mita kuna koki, izungushe kuelekea mkono wako wa kulia. Akasema imekaza. Nikamwambia shika kwa kitambaa, polepole, mimi niko hapa. Nilikaa naye kwenye simu mpaka maji yakasimama, kisha nikampigia fundi wa zamu. Bibi ameniombea dua ndefu, ameanza na mimi akamalizia na watoto ambao bado sina. Nilipoweka simu nikakuta Mama ananitazama. Ni feni ile. Ilikuwa inampiga usoni.

Jioni jirani amekuja kumsalimia shangazi. Amegonga mlango mara mbili. Mkono wangu umekwenda ukutani wenyewe, mimi nikiwa bado nimekaa. Nimezima taa, shangazi akiwa katikati ya sebule na sufuria ya mchuzi. Gizani nimesikia sufuria, kisha shangazi, kisha jirani anauliza taratibu kama ndiye yule afisa.

Namshukuru Mungu mchuzi ulikuwa umepoa.

Ijumaa, 13 Machi

Siku ya kuamuliwa. Nimefika mapema ili niogope kwa nafasi.

Cha kwanza nilichokiona ni ngazi. Mama amemrudisha fundi umeme. Anasema feni inayowaka na kuzima kwa kumfuata mtu inamtia mashaka, na mhudumu ameanza kuulizia mimi natoka ukoo gani na kama babu yangu alikuwa mganga.

Fundi amepanda, akafungua, akatangaza kwamba injini ni nzima. Mama akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema imekufa. Fundi akasema, "Imepona, Mama." Kisha akauliza swichi yake iko wapi. Hakuna aliyejua. Fundi akaufuata waya kwa kidole, ukutani, juu ya mlango, akatoka nao mpaka chumba chetu, akasimama nyuma ya kiti changu. Akasema sogezeni kabati.

Nimesema kabati ni zito. Kola akasema tushike wawili. Tumeshika. Yeye alikuwa anavuta, mimi nikijitahidi kurudisha. Kabati likamtii yeye.

Nyuma kulikuwa na vumbi la tangu jengo lilipojengwa. Katikati ya vumbi, swichi moja inang'aa kama sahani, imesuguliwa na kidole. Chini yake, karatasi za tofi, lundo.

Mama amezitazama karatasi. Amenitazama mimi. Nikaanza kuwaaga wote moyoni: meza, muhuri, wateja wangu. Nilimwona shangazi anafunga mizigo. Nikaamua niungame. Nikafungua mdomo, nikasema, "Asante, Mama."

Kola akadakia. "Hizo ni zangu, Mama. Mimi na tofi hatuachani. Na hiyo swichi tuliiona jana jioni, mimi na huyu mwenzangu, tukasema tusiichezee mpaka fundi aje." Kola yake haikutikisika hata kidogo.

Mama akaniuliza, "Yaani tofi ni zake, jino ni lako?"

Akacheka. Sijawahi kumsikia Mama akicheka. Ni kicheko kikubwa, kinashika meza. Mhudumu alikuja mbio akidhani kuna mgonjwa.

Kisha ametuita wote wawili ndani, kwa mdomo, bila kengele. Amesema tunabaki wote. Ule uvumi wa kubaki mmoja, yeye hajui umetoka wapi. Amesema ripoti zangu za malalamiko huwa anazirudia kuzisoma, ni kama unauona mtaa wenyewe na maji yanavyotiririka, na alikuwa haelewi mtu anayeandika hivi anashindwaje kusema. Jana amenisikia na yule bibi wa jikoni, amemaliza wasiwasi wake. Akasema, "Acha kuniogopa, mwanangu. Sikuwa na neno na wewe. Nilikuwa nasikia joto tu."

Nikashukuru. Mara nyingi. Kola ilibidi anitoe kwa mkono.

Nje nimemuuliza kwa nini amenibebea zile karatasi. Akasema, "Ungeondoka, ningebaki kucheka na nani humu? Halafu msomi, hiyo tk yako inasikika mpaka mapokezi. Tangu juzi naisikia." Nimemkumbatia. Machozi yalinitoka, nikamwambia ni jino.

Jumamosi, 14 Machi

Nimelala vizuri. Sasa nimekaa na kulitafakari jambo lote kwa utulivu, kama tulivyofundishwa chuoni.

Mtu asiye na elimu angesema Mama amenibakiza kwa sababu ya kazi yangu, na Kola amenitetea kwa wema tu. Inapendeza kufikiri hivyo. Lakini ushahidi haukubali. Jumanne nilimpa Kola tofi. Ijumaa aliona karatasi za tofi, na moyo wake ukalainika palepale. Tofi moja tu, na nimepata rafiki wa maisha. Nami nikaandika imekwenda bure. Namshukuru mwenye duka. Kuhusu Mama sina haja ya kueleza. Feni ilikuwa inazunguka muda wote.

Swichi fundi ameahidi kuihamishia chumba cha Mama wiki ijayo. Mpaka hiyo wiki ijayo itakapofika, Mama ameweka utaratibu. Kabati limeondolewa na meza yangu imesogezwa ukutani, chini ya swichi. Kengele mbili, nawasha. Kengele mbili tena, nazima. Kola anacheka mpaka anashika mbavu, anasema sasa nimepewa cheo. Acheke tu. Hajaona ninachokiona. Yule mama, mkuu wa ofisi nzima, sasa hawezi kusikia joto bila kubonyeza kile kitufe. Nimemzoesha mimi, kwa siku chache, bila yeye kujua.

Ninayefuata ni shangazi. Tangu ile sufuria hanisemeshi vizuri. Mpango ni huu: kila ninapokuwa na habari njema, nigonge kijiko kwenye kikombe kwanza, ndipo niseme. Kijiko, furaha. Kijiko, furaha. Baada ya hapo kila akikasirika, nagonga kijiko tu. Habari ya kwanza itakuwa hii ya kuthibitishwa kazini, kwa hiyo sijamwambia. Jana aliniuliza mlangoni, nikanyamaza, maana kikombe kilikuwa mbali. Akaniuliza tena wakati wa kula, nikatazama chini ili nisiharibu jaribio. Leo asubuhi vikombe vyote havionekani. Shangazi ameshusha mapazia na anafunga vyombo kwenye maboksi. Amemkumbatia jirani muda mrefu sana. Sijui anasafiri kwenda wapi, lakini namshukuru Mungu, anaonekana atapumzika.

Nikikipata kikombe nitamwambia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, asante kwa kunitunzia siri. Ukinihitaji, siku za kazi njoo ofisi ya maji, kitengo cha malalamiko, meza iliyo chini ya swichi. Njoo mbele yangu nikuone, usibonyeze wala usigonge chochote. Nyumbani, kama bado tuko mtaa huu, ni mlango usio na mapazia. Gonga mara moja, au mara tatu. Ukisahau ukagonga mara mbili, usiogope giza. Simama hapohapo mpaka umsikie shangazi.